Kakuma Si "Hakuna Mahali"

Kuna sentensi ambayo waandishi wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakirudia kila wakifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma: eti jina hilo, kwa Kiswahili, maana yake ni "hakuna mahali". Ni sentensi tamu. Ina vumbi, ina huzuni, inamaliza aya vizuri. Shida yake ni kwamba si kweli, na mtu yeyote anayeongea Kiswahili angewaambia hivyo kwa sekunde tatu, akishamaliza kucheka.

Anacheka nini? Wacha tuseme wazi, sote hapa ni watu wazima. Sikio la Kiswahili likisikia Kakuma linapiga hesabu yake haraka: ka- ya kudogosha, kama katoto na kanyumba, halafu lile neno la uchi wa mwanamke ambalo ukilitamka mbele ya shangazi yako utatafuta pa kulala. Ndiyo maana mwalimu wa Jiografia akiitaja Kakuma, kuna mabega yanatikisika nyuma ya darasa. Mimi hupenda kumwazia mkalimani wa kwanza aliyeulizwa na mgeni "na hili jina lina maana gani?", akaona haya, akatafuta jibu lolote la heshima.

Lakini anayecheka naye amepotea vilevile. Kakuma si jina la Kiswahili. Kiturkana ni lugha ya Kinailoti, ndugu wa Kikaramojong na Kiteso, na ka yake haidogoshi kitu. Huunganisha, karibu kama "ya" au "kwa" yetu. Tazama ramani: Kalokol kando ya ziwa, Katilu, Kainuk, Kalobeyei, Kanamkemer pale pale Lodwar. Kisha kuna majina ya Lo- na ya Na-, moja la kiume na lingine la kike: Lokichar, Lokitaung, Lokichoggio, Napetet, Nakwamekwi, Nadapal. Ukishauona mpangilio huu, safari ya Lodwar hadi Kakuma inageuka somo la sarufi, tena bure.

Lodwar yenyewe ina mtego wake. Mzizi -dwar kwa Kiturkana ni uchungu, ule wa ulimini. Mjaluo akilisikia anakumbuka dwaro, kutaka au kutafuta. (Jomo Kenyatta, aliyehamishiwa Lodwar mwaka 1959 kutoka gereza la Lokitaung na kuwekwa huko hadi 1961, angeweza kuchagua maana yoyote kati ya hizo.)

Sasa rudi kwenye ile kuma yetu, maana haijamaliza kutembea. Kwa Kihausa ni "pia" au "tena", neno la kawaida kabisa ambalo mtangazaji wa habari hulisema bila wasiwasi. Kwa Kibambara na ndugu zake wa Kimande ni usemi, maneno. Camara Laye aliliweka mara mbili kwenye jina la kitabu chake cha 1978 kuhusu Sundiata. Kwa Kituruki ni mke mwenza. Kwa Kijapani ni dubu. Na Japani kuna Kakuma nzima, huko Kanazawa, ambako chuo kikuu cha mji huo kilihamia kutoka eneo la ngome ya zamani. Jina hilo huandikwa kwa alama mbili, moja ya pembe au kona, nyingine ya nafasi iliyo katikati. Hakuna aliyemkopesha mwenzake. Binadamu ana mdomo mmoja na sauti chache za kuchezea, na ku na ma ni rahisi hata kwa mtoto mchanga. Wale wanaochukua maneno mawili yanayofanana na kuyajengea historia ya uhamaji wa mataifa wangepumzika kidogo.

Kinachoniudhi kuhusu "hakuna mahali" si kosa la kamusi. Kambi ilianza 1992, walipopokewa vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia baada ya Mengistu kuanguka. Kabla yao Kakuma ilikuwa mji mdogo kando ya laga ya Tarach, ambako Waturkana walichimba mchanga kupata maji na kunywesha mbuzi. Ukiwaambia wasomaji wako kwamba mahali hapo si mahali, umewafuta wenyeji kwa neno moja, tena umesingizia Kiswahili. Wakimbizi nao unawafanya wakazi wa hewani. Mtoto aliyezaliwa pale kambi ilipoanza ameshapita miaka thelathini. Wenzake walianzisha gazeti lao, KANERE, mwaka 2008. Gazeti la wapi, kama si la mahali?

Halafu, jamani, wamechagua lugha isiyofaa kabisa kwa mzaha huo. Kiswahili hakina neno moja la "hakuna mahali". Lazima ukanushe kitendo kwanza: sikwenda popote, hayuko popote. Lakini ukitaka kusema mahali papo, tunakupa njia tatu: hapa, huku, humu. Na jina la mahali, hata likitoka lugha nyingine, sarufi yetu inalipokea na kulipa heshima hiyo. Kakuma kuna joto. Kakuma pako mbali na Lodwar, kilomita mia na kitu. Kakuma mna Wasomali, Wakongo, Warundi, Wanuer na Wadinka, na Waturkana waliokuwepo.