Gereza la Kilwa na Watu wa Bara

Msafiri atokaye Nachingwea akapita Ruangwa kwenda pwani hakuti njiani jumba la kale la mawe lenye mnara, kwa kuwa wazee wetu wa Kimwera walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na zama za hatari zilipowafikia walitegemea vichaka na vilima kuliko kuta. Lakini atakaye kuiona nyumba iliyo maskani na ngome kwa pamoja, mfano wa zile walizojijengea makabaila wa Uskochi tangu karne ya 14 hata ya 17, hana haja ya safari ya mbali, maana katika mkoa wetu huu wa Lindi, kisiwani Kilwa, limesimama jengo liitwalo Gereza.

Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji wa Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome ufukweni, na mwaka 1512 wakaihama. Kisha, baada ya karne zipatazo tatu, Waomani wakasimamisha jengo tulionalo leo, wakitumia baadhi ya athari za ngome ile. Mawe yake ni ya matumbawe, yaliyoshikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya kuni, na dari zake ziliegemea boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliokata shauri la upana wa chumba, hata vyumba vya majumba ya pwani aghalabu vikawa virefu na vyembamba. Mnara umewekwa pembeni, ukitokeza nje ya ukuta, ili mlinzi aliyemo auone ubavu wote wa ukuta na adui asipate pa kujibanza chini yake. Na hekima hiyo hiyo waliijua mafundi wa Uskochi.

Ila kabaila wa Uskochi alijihami na jirani yake, ilhali wenye nguvu wa Kilwa walilinda biashara, na biashara hiyo, yatupasa kusema wazi, ilikuwa ya pembe na ya wanadamu. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliafikiana na Mfaransa Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, na wengi wa watumwa wa soko la Kilwa walitoka bara, hata pande za Ziwa Nyasa, wakiswagwa kwa miguu kuikata nchi hii ya kusini. Kwa sababu hiyo sikubali kwamba Gereza ni tarekhe ya watu wa pwani peke yao.

Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuo na kuta, na baada ya kazi ya ukarabati yakatolewa humo mwaka 2014. Enyi walimu wa Nachingwea na Ruangwa, wapelekeni wanafunzi Kilwa Masoko, wavuke kwa mashua, wazishike kuta zile kwa mikono yao, na waelezwe habari za bara pamoja na za pwani.