Mafuta ya Shambani na Maji ya Mto Wami

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, haitupasi kuandika habari za mizani na maghala peke yake. Wanachama wengi wametuuliza kama inafaa tulime mazao ya kutengenezea mafuta ya magari. Kabla ya kujibu, tumeona vema kueleza yaliyotokea katika Mkoa wetu wa Pwani kabla chama hiki hakijazaliwa. Maana kisa hicho, kikitazamwa sana, ni kisa cha maji.

Yapata mwaka 2005, bei ya petroli ilipokuwa ikipanda duniani, wageni walianza kuja kutafuta ardhi. Zao lililosifiwa kuliko yote lilikuwa mbono kaburi, mti ule ule ambao wazee wetu waliupanda kuwa ua. Ilisemwa kwamba hauhitaji maji mengi, na ya kuwa utazaa hata katika nchi kavu. Maneno hayo yalikuwa nusu ya kweli. Mbono huvumilia ukame usife, lakini kuishi si kuzaa: penye mvua haba mbegu huwa chache, na penye mbegu chache hapana mafuta. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walikadiria kwamba lita 1 ya dizeli ya mbono huchukua wastani wa lita 20,000 za maji, na lita 1 ya spiriti ya miwa lita 2,500. Wataalamu wengine waliibisha hesabu ya mbono wakiiona kubwa mno. Lakini hata nusu yake si maji machache.

Wilayani Kisarawe, ardhi ya vijiji 11, zaidi ya hekta 8,000, ilipewa kampuni moja ya kigeni ili ipande mbono. Mwaka 2011 kazi ilisimama, na mamia ya wafanyakazi wakaachishwa. Wanavijiji walilalamika kwamba katika ardhi ile mlikuwa na mahali walipozoea kuchota maji. Ndipo tunapojifunza kwamba atoaye ardhi hutoa na maji yaliyomo.

Huko Bagamoyo habari ilikuwa ya miwa. Kampuni ya Kiswidi ilikusudia kulima mashamba makubwa karibu na mto Wami, ili itengeneze spiriti ya kuendeshea magari. Ilijitoa mwaka 2009, wengine wakaushika mradi, na mwaka 2016 Serikali ikaufuta.

Na tuhesabu wenyewe. Muwa hutaka milimita 1,500 hadi 2,500 za maji kwa msimu mmoja. Pwani yetu hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Tukichukua kadiri iliyo ndogo, zapungua milimita 500, nazo kwa hekta 1 ni lita milioni 5. Maji hayo hutoka mtoni, tena hutakiwa zaidi wakati wa kiangazi, mto unapokuwa mdogo. Mto huo huo ndio unaonywesha watu wa Chalinze, na ndio unaopita kati ya wanyama wa Hifadhi ya Saadani kabla ya kumwaga baharini.

Hatusemi kwamba miwa ni mibaya. Muwa haujui kama utakuwa sukari au spiriti. Kiu yake ni ile ile. Tena spiriti yaweza kutengenezwa kwa molasi, masalio ya sukari, pasipo kufungua shamba jipya hata moja.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza maji ya nyumbani, kisha ya mazingira, ndipo yafuate ya shughuli za uchumi. Basi twawashauri wanachama hivi: akija mnunuzi wa mafuta ya shambani, tusimwulize bei kwanza. Tumwulize atatoa wapi maji mwezi wa Septemba, na kama anacho kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Asipokuwa na jibu, tushike mpunga, mahindi na ufuta wetu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mnunuzi aweza kuondoka kwa mwaka mmoja, kama tulivyoona. Mto ukikauka, sisi hatuna pa kwenda.