Mchuzi wa nyama wa kwetu: kila kitu kilipita njia yake

MARABO. 

Juzi nilikaa na wamama wawili mbele ya mafiga, hapa Marabo. Mmoja ni mkaaji wa hapa. Mwingine ni mhami, alifika na watoto watatu na sufuria moja. Siku hiyo walikuwa wamechanga pesa, wakanunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, na watu wa kula walikuwa nane. Kabla maji hayajachemka, wakaanza kubishana. Mwenyeji alisema nyama inapikwa na karanga ya kusaga, ndivyo wazee walivyopika. Mhami akajibu: "Hapana, dada. Karanga ni ya lengalenga. Nyama inataka mawese na pilipili nyingi, hiyo ndiyo ya asili." Wakanigeukia mimi, mtu wa redio, niamue.

Sikuamua. Lakini nilirudi na swali hilo nyumbani, nikalifuata katika historia. Leo ninawaletea nilichokipata.

Tuanze na nyama yenyewe. Kutoka Bunia hadi Marabo ni kilomita 40 hivi kwa barabara ya Komanda. Nyuma yako unaacha vilima vya majani, mbele yako unaelekea pori kubwa. Sisi tunaishi kwenye mpaka wa dunia mbili, ile ya ng'ombe na ile ya miti. Mpaka huo ni wa zamani kuliko mipaka yote iliyochorwa na serikali.

Desemba 1887, Henry Morton Stanley alitokea upande wa pori akiwa na watu wa msafara wake. Walikuwa wameondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, mwezi wa Juni, karibu watu 400. Ndani ya pori njaa iliwaua wengi, walikula hata uyoga na matunda ya porini. Walipofika kwenye majani ya upande wetu walikuta mashamba, mbuzi na ng'ombe. Chifu Mazamboni na watu wake walipigana nao, na vijiji vikachomwa. Baadaye msafara wa Stanley na Mazamboni walipatana kwa kuchanjiana damu, desturi ambayo wazee wetu wanaijua. Mwaka 1889 msafara ulikaa wiki nyingi kwa chifu Kavalli, juu ya ziwa Albert, ukilishwa nyama ya machifu wa huko. Ng'ombe wengine walitolewa kwa mkono mzuri, wengine walinyang'anywa. Mnaona kwamba wizi wa ng'ombe haukuanza jana.

Jambo moja katika kitabu ambacho Stanley alikitoa mwaka 1890 linatuhusu. Aliona wafugaji na wakulima wakiishi jirani, kila mmoja na kazi yake, wakibadilishana. Mfugaji alitoa maziwa, siagi na nyama. Mkulima alitoa mavuno ya shamba. Kwa hiyo hata wakati ule, chakula kizuri cha Ituri kilihitaji nyumba mbili. Nyumba moja haikuwa na kila kitu.

Sasa mafuta. Mchikichi haupendi vilima vyetu vya baridi, unapenda joto na mvua ya pori. Ni mti wa Afrika hasa, wa upande wa magharibi na wa bonde la Kongo, na watu wa pori wamekamua mawese tangu zamani sana. Mpaka leo bido za mafuta mekundu tunazoziona sokoni zinatoka upande wa Mambasa na Beni. Mama mhami ana haki kusema mawese ni ya asili. Ila ni asili ya jirani, na kila bido imesafiri kabla ya kufika hapa.

Na pilipili? Hapa wengi watashangaa. Pilipili tunayoponda kila siku, tomati, karanga, mahindi, muhogo na viazi vitamu, vyote vilitoka Amerika. Kabla ya mwaka 1492, mwaka ambao Christopher Columbus alivuka bahari, hakuna mtu wa Afrika aliyekuwa ameonja pilipili hii kali. Wareno walileta mimea hiyo kwenye pwani zetu, halafu ikapita mkono kwa mkono, soko kwa soko, mbele ya Mzungu yeyote kufika huku ndani. Stanley alipofika alikuta mahindi na viazi vitamu tayari mashambani. Mbegu zilimtangulia.

Neno lenyewe "pilipili" ni la zamani kuliko mmea. Lilitoka India pamoja na pilipili manga, zile punje nyeusi, likapita kwa Waarabu mpaka pwani ya Uswahilini. Pilipili ya Amerika ilipofika, ilichukua jina la dada yake wa India. Na karanga ya mama mwenyeji? Nayo ni mgeni wa Amerika. Wazee wake waliipika kweli, lakini wazee wa wazee wao hawakuijua.

Chumvi nayo ina hadithi. Ng'ambo ya ziwa Albert, upande wa Uganda, kuna kijiji cha Kibiro. Wamama wa kule huchuja udongo wenye chumvi na kuchemsha maji yake. Wamefanya hivyo kwa miaka mia saba na zaidi, na chumvi yao iliuzwa mbali. Mahali ambapo chumvi haikufika, watu walichoma majani, wakachuja majivu. Mama mkubwa wangu alifanya hivyo wakati wa vita, na ninakumbuka ladha yake mpaka leo.

Tuangalie pia chombo. Neno "sufuria" lina asili ya Kiarabu, kutoka jina la shaba. Zamani hapa watu walipikia nyungu ya udongo. Sufuria, mchele na lugha hii ya Kiswahili ninayowaandikia vilifika Ituri na misafara ya watu wa Zanzibar na wa Maniema, katika karne ya 19. Tuseme ukweli wote: misafara hiyo ilitafuta pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vilichomwa, watu walifungwa minyororo. Lugha inayotuunganisha leo sokoni ilipita njia ya damu. Tunaitumia, lakini tusisahau.

Halafu ikaja dhahabu. Ilipatikana Kilo mwaka 1903, na migodi ikahitaji maelfu ya wafanyakazi. Wafanyakazi wanakula. Serikali ya Wabelgiji ilifungua barabara kwa kazi ya lazima, na vijiji vililazimishwa kutoa chakula cha migodi. Lakini watu wa makabila mengi walikaa pamoja kambini, wakapika jirani kwa jirani. Mtu wa ziwa alileta samaki, mtu wa vilima nyama, mtu wa pori mawese. Ninaamini mchuzi tunaoujua leo ulikolea katika makambi kama hayo na katika masoko ya barabarani.

Kwa hiyo hakuna kabila linaloweza kusema mchuzi huu ni wake peke yake. Nyama ya vilima, mafuta ya pori, chumvi ya ziwa, pilipili na tomati za Amerika, sufuria ya pwani. Ukifunga njia moja, sufuria inapungukiwa. Na sisi tunajua maana ya njia kufungwa.

Tarehe 5 Septemba 2002 vita viliingia Nyankunde, jirani yetu hapa. Waliuawa watu zaidi ya 1,000 kwa siku chache, kufuatana na mashirika ya haki za binadamu, na hata wagonjwa katika hospitali hawakuachwa. Nilikuwa mtoto. Tulitembea kwa mguu na wengine wengi mpaka Oicha. Mama mkubwa alibeba sufuria kichwani, ndani yake chumvi kidogo na mbegu za pilipili zilizofungwa katika kitambaa. Baba alimwambia aitupe, ilikuwa nzito. Alikataa. Alisema: "Tukifika, tutakula nini ndani yake, mimi sijui. Lakini tutakula pamoja." Huko Oicha alipanda zile mbegu nyuma ya nyumba ya watu waliotupokea. Tuliporudi, aliwaachia pilipili na sisi tukarudi na mawese.

Tangu Desemba 2017 vita vimewaondoa tena watu wengi wa Ituri, Djugu kwanza, halafu huku Irumu. Ng'ombe waliporwa, wachungaji waliuawa. Bariere zikiwekwa barabarani, bido ya mawese inapanda bei kabla haijafika sokoni. Katika kambi za wahami nimekuta watoto wa miaka sita ambao wanajua maharagwe na unga wa msaada tu. Nyama ya nyumbani wanaisikia kwa hadithi.

Kwa ajili yao ninaandika namna mama mkubwa anavyopika, isipotee.

Kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe, ikate vipande vidogo, moto utakula makala kidogo. Chemsha na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, ufunike na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Ng'ombe mzee anataka saa mbili. Maji yakikauka, usiyamwage yaliyobaki, yaweke pembeni. Pasha nusu glasi ya mawese, kaanga nyama mpaka iwe nyekundu, weka vitunguu vitatu, halafu tomati sita zilizopondwa. Koroga mpaka mafuta yapande juu. Rudisha yale maji. Anayependa karanga aweke vijiko vinne vya karanga iliyosagwa, iliyokorogwa na maji ya moto, na asiache kukoroga, inashika chini. Pilipili iwekwe nzima mwishoni, bila kupasuka, ili watoto nao wale. Mkubwa anayetaka ukali ataiponda kwenye sahani yake. Kula na bugali.

Asiye na nyama afanye vilevile na maharagwe yaliyolowekwa usiku mzima. Na mnyama aliyekutwa amekufa porini asipikwe hata kidogo. Tangu Ebola ya mwaka 2018 tunajua sababu.

Mnataka kujua ubishi ule uliishaje? Mama mwenyeji alileta karanga kikombe kimoja. Mhami alikuwa na mawese kidogo katika chupa, aliyoyatunza tangu alipohama. Vyote viliingia. Nyama haikutosha watu wanane, lakini mchuzi ulitosha, na mtoto wa mwisho alikwangua sufuria kwa bugali mpaka ikang'aa.

Kama mama yako au mama mkubwa wako alipika kwa namna nyingine, pita redioni utueleze, tutaisoma hewani. Njoo na jina la kijiji chenu, hata kama leo hakuna mtu anayeishi pale.