Eringeti: ujasiri wa kusimulia kwa njia ya simu

Eringeti iko kwenye barabara ya kitaifa nambari 4, kaskazini mwa Oicha, karibu na mpaka wa Kivu Kaskazini na Ituri. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa eneo la Beni wanauawa, wanatekwa na kukimbia vijiji vyao. Tarehe 29 Novemba 2015 washambuliaji waliingia Eringeti yenyewe, hata katika kituo cha afya.

Habari hizi hutangazwa kwa hesabu ya wafu. Lakini aliyebaki hai ana neno ambalo hesabu haiwezi kulisema. Siku hizi anaweza kulirekodi kwa simu na kulituma kwa WhatsApp kwa jamaa walioko Butembo, Kampala au Ulaya.

Kufanya hivyo kunataka ujasiri. Sauti ikishatumwa hairudi, na inaweza kufika hata kwa adui. Novemba 2019, huko Lwemba, Ituri, mtangazaji wa redio aliyehamasisha watu juu ya Ebola aliuawa nyumbani kwake. Naye mwanamke aliyenajisiwa huogopa pia maneno ya majirani, na wakati mwingine ya waumini wenzake.

Hata hivyo, ushuhuda unaokoa. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, waliopona huko Beni na Butembo walisimulia waliyoyapitia, wakawaonyesha wengine kwamba anayefika mapema kwenye matibabu anaweza kupona.

Katika 2 Samweli 13, Tamari alitendewa uovu, na Absalomu ndugu yake akamwambia anyamaze. Biblia haikunyamaza juu yake. Basi sisi kanisa tusimnyamazishe mtu, wala tusimlazimishe kusema kabla hajawa tayari.

Tunashauri hivi:

- Asimulie kwanza kwa mtu mmoja anayemwamini, uso kwa uso.
- Jina, sura, kijiji na njia aliyokimbilia visitajwe wala kuonyeshwa, kama kuna hatari.
- Sauti iliyotumwa kwetu tusiipeleke katika kundi lingine bila ruhusa yake. Akiomba tuifute, tuifute.
- Tusisambaze picha za maiti. Kila maiti ni mtoto wa mtu.

Na tukishasikiliza, tumtembelee. Tuombe naye, na kama anahitaji matibabu, tumsindikize hadi kituo cha afya.