Solo Iliyozaliwa Ndani ya Ridhimu

Muziki wa dansi wa Fort Worth ulipata mtaji wake kwenye unga. Mwaka 1931 kampuni ya Burrus Mill ilikuwa ikiuza unga wa ngano ulioitwa Light Crust, na ili akina mama waukumbuke wafikapo dukani, ikawaweka redioni vijana watatu waliokuwa wakihangaika na maisha: Bob Wills wa fidla, Herman Arnspiger wa gitaa, na Milton Brown mwimbaji. Bendi ikaitwa Light Crust Doughboys. Msimamizi wao, W. Lee O'Daniel, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Texas, alitaka wautangaze unga tu, wasipige kumbini usiku. Brown hakukubali. Mwaka 1932 aliondoka, akaunda bendi yake ya Musical Brownies, na makao yao yakawa Crystal Springs, ukumbi wa dansi nje kidogo ya mji.

Naishi Fort Worth, na nikikutana na vijana wa gitaa wanaoamini kwamba solo ni suala la wepesi wa vidole, mimi huwarudisha kwenye ukumbi ule. Wafikirie watu wamejaa, viatu vinagonga sakafu, piano inapigwa kwa nguvu, kuna banjo, besi na fidla. Gitaa la mbao lisilo na umeme lingesikika na nani? Kazi yake ilikuwa kukata ridhimu basi, nne kwa nne, usiku kucha. Mpiga gitaa hakuwa na nafasi ya kutoka mbele. Alichokuwa nacho ni kodi: zile sauti tatu au nne zinazobonyezwa pamoja, ambazo alizishika mara elfu kwa usiku mmoja mpaka mkono ukazijua kuliko kichwa.

Mwishoni mwa 1934 Brown alimchukua Bob Dunn, mtu aliyepiga gitaa la Kihawai, lile linalolazwa na kutelezeshewa chuma juu ya nyuzi. Dunn alikuwa amelifungia kifaa cha kunasa sauti na kuliunganisha na amplifaya. Januari 1935 Brownies walisafiri hadi Chicago kurekodi kwa Decca, na sahani zile huhesabiwa miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za gitaa la umeme. Ukizisikiliza leo utashangaa. Dunn hapigi vitu vitamu vya ufukweni. Anapiga kama mtu wa tromboni: anakohoa, anakatiza, anaruka kutoka sauti moja ya kodi hadi nyingine, halafu anateleza kuziba pengo. Milton Brown mwenyewe hakufaidi mapinduzi hayo kwa muda mrefu. Aprili 1936 alikufa baada ya ajali ya gari hapahapa Fort Worth. Dunn alikuja kuhamia Houston, akafungua duka la vifaa vya muziki, akafia huko 1971.

Hao walikuwa Wazungu, na Crystal Springs ilikuwa ya Wazungu. Sheria za ubaguzi ziligawa kila kitu Texas, kuanzia mabomba ya maji hadi viti vya basi. Kwa hiyo historia ya solo hapa ina milango miwili, na ule wa pili ulikuwa Dallas, mwendo wa kilomita hamsini hivi, mtaa unaoitwa Deep Ellum.

Deep Ellum ya miaka ya 1920 ilipakana na reli. Palikuwa na maduka ya rehani, vinyozi, baa, na vibarua waliokuwa wakisubiri kupelekwa mashamba ya pamba. Sehemu kubwa ya mtaa huo wa zamani baadaye ilimezwa na barabara kuu. Jengo la Knights of Pythias, lililochorwa na msanifu Mweusi William Sidney Pittman na kukamilika 1916, limebaki, ingawa sasa ni sehemu ya hoteli. Mitaani humo alipiga Blind Lemon Jefferson, kipofu mwenye gitaa moja na sauti ya juu, ambaye rekodi zake za Paramount kuanzia 1926 zilimfanya ajulikane nchi nzima. Lemon alijifanyia kila kitu peke yake. Anaimba mstari, anauacha ukining'inia, kisha gitaa linamjibu kwa kifungu kirefu cha sauti mojamoja. Alifariki Desemba 1929, Chicago.

Kuna mtoto aliyekuwa akimshika mkono kumvusha barabara, na kuchunga kikombe cha sarafu. Aaron Thibeaux Walker alizaliwa Linden, Texas, 1910, akakulia Oak Cliff, upande wa pili wa mto Trinity. Baba yake wa kambo, Marco Washington, alipiga besi. Hilo naliona kubwa kuliko waandishi wengi wanavyoliona. Mtoto anayelala nyumba moja na besi anajua kodi imehamia wapi kabla hajajua jina lake. Mwaka 1929 kijana huyo alirekodi sahani yake ya kwanza mjini Dallas kwa jina la Oak Cliff T-Bone. Upande mmoja uliitwa kwa jina la mto wao. Dunia ilikuja kumjua kama T-Bone Walker, hasa baada ya "Call It Stormy Monday" ya 1947, aliyoirekodi Los Angeles.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu ndipo siri ilipo. Mimi nilikulia Morogoro kwenye kwaya ya Kilutheri, na nilifundishwa kwa solfa iliyoandikwa ubaoni kwa chaki. Basi nitaieleza kwa solfa. Bluzi ya kawaida ina pau kumi na mbili na kodi tatu. Kodi ya nyumbani, ikipigwa namna ya Texas, ina sauti nne: do, mi, so, ta. Ta ni ile ti iliyoshushwa nusu. Kodi ya pili, ya pau ya tano, ina fa, la, do, ma. Nayo ma ni mi iliyoshushwa nusu. Sasa tazama kinachotokea besi inapohama. Mi inashuka nusu tu, inakuwa ma. Ta inashuka nusu tu, inakuwa la. Miendo miwili midogo kabisa ya kidole, na msikilizaji anajua kwamba wimbo umehama, hata kama bendi nzima imenyamaza. T-Bone aliishi kwenye vijisogeo hivyo. Mara nyingi anaongeza re juu ya kodi, na kwa hiyo bluzi yake inanukia jazi. Lakini ukiondoa mapambo yote, utakuta kila bendi inapobadilika yeye ameshatua kwenye sauti inayotangaza mabadiliko.

Mzee mmoja wa Oak Cliff, shemasi wa Kibaptisti, alinifanyia mtihani wa jambo hilo nilipomwomba anisaidie solo. Nilijitapa kwa kumpigia mistari ya haraka ya Kikongo. Akatikisa kichwa kwa adabu.

"Tuondoe ngoma," akasema. "Tuondoe na besi. Piga peke yako, nikwambie tuko kodi gani."

Hakuweza kuniambia, na hakuwa kiziwi.

Mwenzake T-Bone kwa masikio alikuwa Charlie Christian. Alizaliwa Bonham, kaskazini-mashariki ya Dallas, mwaka 1916, akahamishiwa Oklahoma City akiwa mdogo. Baba yake alikuwa mwanamuziki kipofu aliyepiga mitaani na wanawe. Kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la umeme aina ya ES-150 mwaka 1936, na Christian alipolikamata alilipigia kama saksafoni: mistari mirefu, inayopumua, isiyojali kwamba chombo kina nyuzi sita. Agosti 1939 aliingia kwenye bendi ya Benny Goodman. Machi 1942 kifua kikuu kilimuua New York akiwa na miaka 25, wakarudisha mwili wake kuzikwa Bonham. Miaka isiyotimia mitatu tangu aingie kwa Goodman, na wapiga gitaa wa jazi mpaka leo wanalipa deni lake. Wanaochunguza rekodi zake wanaonyesha jambo moja la vitendo: mistari yake inazunguka maumbo ya kodi yaleyale ambayo mkono wa ridhimu hushika. Anaishika kodi kwa siri, kisha anaifungua kidole kimoja baada ya kingine, akipachika sauti za kupita katikati. Siku hizi mwanafunzi hukabidhiwa skeli kwanza, kodi baadaye, na ninaona hiyo ni kumvisha mtu koti kabla ya shati.

Houston ilikuwa na mtu aliyenifanya nifikirie upya haya yote. Lightnin' Hopkins wa mtaa wa Third Ward alikuwa mtoto alipokutana na Blind Lemon, na alipiga bluzi mpaka kifo chake 1982. Hopkins alibadilisha kodi alipojisikia. Pau kumi na mbili kwake zingeweza kuwa kumi na moja au kumi na tatu na nusu, na wapiga besi waliomfuata walitoka jasho. Nampenda, lakini huwezi kujifunza kwake solo ninayoizungumzia. Mtu anayepiga peke yake ana haki ya kuichelewesha kodi. Mwenye bendi ya watu kumi nyuma yake hana haki hiyo, na ni kule kunyimwa haki kulikomfundisha kuisubiri kodi mahali ilipo, kwa wakati wake, na sauti sahihi mkononi.

Bendi za namna hiyo zilikuwa Houston tele. Mwaka 1939 Clarence na Anna Dupree, mume na mke Weusi, yeye Anna akiwa msusi aliyefanikiwa, walifungua Eldorado Ballroom, ghorofani, Third Ward. Ilikuwa ukumbi wa watu kuvaa wakapendeza. Ilifungwa miaka ya 1970, ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena 2023, na ukipita Emancipation Avenue utaiona. Upande wa Fifth Ward Don Robey alikuwa na Bronze Peacock, klabu ya chakula, kamari na muziki mkubwa. Mwaka 1947 T-Bone Walker alikuwa akipiga hapo, vidonda vya tumbo vikamzidi, akaacha gitaa jukwaani. Kijana wa Orange, Texas, Clarence "Gatemouth" Brown, akapanda, akaliokota, akatunga boogie papo hapo. Kwa simulizi yake mwenyewe, alishuka na dola 600 za tuzo. T-Bone hakufurahi. Robey alifurahi sana: alimchukua Brown, na 1949 akaanzisha Peacock Records ili apate pa kumrekodia.

Gatemouth alichukia kuitwa mtu wa bluzi tu. Alipiga fidla pia, akasema kwamba anayoyasikia kichwani ni matarumbeta ya bendi kubwa. Sikiliza "Okie Dokie Stomp" ya 1954: matarumbeta yanasukuma, gitaa linajibu kwa vifungu vifupi, kila kifungu kikiishia ndani ya kodi iliyopo wakati huo. Hakuna anayeimba hata neno moja. Dakika zinaisha ukidhani umesikia hadithi.

Baada ya hapo wapiga gitaa walimiminika. Albert Collins, Johnny Copeland na Johnny "Guitar" Watson walitoka Houston, na Dallas ikawa makazi ya Freddie King na baadaye chimbuko la ndugu wawili wa Oak Cliff, Jimmie na Stevie Ray Vaughan. Copeland nampa nafasi ya pekee, maana katikati ya miaka ya 1980 alikwenda Abidjan kurekodi na wanamuziki wa Afrika.

Njia ya kuja kwetu ilikuwa imeshafunguliwa zamani. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi, alifika Kinshasa, wakati huo Léopoldville, na gitaa la umeme, akafanya kazi na studio ya CEFA. Gitaa la Kihawai, lilelile la Bob Dunn, nalo lilikuwa limeshaingia masikioni mwa Wakongo, na mpiga gitaa wao Nico Kasanda alilipiga kwa mahaba. Sahani za Kongo zikavuka ziwa, na kwetu zikazifikia bendi kama Morogoro Jazz na Western Jazz. Solo za zama za Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, zinazunguka kodi mbili tatu kwa muda mrefu, na zinapendeza kwa sababu ileile: mpigaji haachi kuitaja kodi.

Huku Texas, chuoni elimu hii ilichelewa. Denton, kaskazini kidogo ya Dallas na Fort Worth, ndiko chuo cha North Texas kilipoanzisha shahada ya kwanza ya jazi Marekani, 1947, wakaiita ya bendi ya dansi kwa kuogopa maneno ya watu. Kabla ya hapo Herb Ellis wa Farmersville alifika hapo na gitaa lake, akakuta hakuna somo la gitaa. Akasomea besi. Miaka ya 1950 alikuwa akipiga na mpiga piano Oscar Peterson, na waliomsikia wanajua kwamba yule mtu hakupotea kodi hata siku moja.

Katika ibada yetu ya Kiswahili kuna kijana mwenye vidole vya moto, amenunua gitaa jekundu la bei kubwa. Nimemwambia awaachie wenzake solo kwa msimu mmoja, atuungurumishie besi. Ananiita mzee mwenye wivu. Jumapili iliyopita alikuja, kakunja uso, kalibeba gitaa la besi la kanisa, na kwenye wimbo wa sadaka aliwahi kodi ya nne kabla ya wote.