Mshika Bunduki na Mshika Mizani



Wahenga walisema kuwa biashara haigombi. Lakini historia ya maduka katika ufuko wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, inatufundisha kuwa biashara hugombewa, na mara nyingi wanaoigombea ni watu wenye bunduki. Katika mazungumzo haya tuutazame mji wa Nchelenge na ufuko wake, tuone ni nani waliofungua maduka pale, ni nini kilichoyafunga, na fundisho lake ni lipi kwa mtu aliyekabidhiwa silaha na umma.

Katika karne ya 18 na ya 19, bonde la mto Luapula, kusini ya Nchelenge ya leo, lilikuwa chini ya milki ya Mwata Kazembe. Wafanyabiashara wa pwani na wa Unyamwezi walifika huko kutafuta pembe za ndovu, shaba na, kwa aibu ya historia, watumwa. Duka la siku zile lilikuwa ni banda la msafara, lenye nguo, shanga na baruti. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867, alimkuta huko Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiwa kwa miaka mingi asiondoke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: leo mtawala humteka mfanyabiashara, kesho mfanyabiashara mwenye bunduki huingilia ugomvi wa kiti cha mtawala. Ng'ambo ya Luapula, Msiri, mwana wa Unyamwezi aliyekwenda Katanga kwa biashara, alijifanya mfalme kwa nguvu ya bunduki. Bunduki ndiyo iliyompa ufalme, na tarehe 20 Desemba 1891 bunduki za msafara wa wakoloni ndizo zilizomwua.

Mabeberu nao hawakuja na mizani peke yake. Mwaka 1894 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana juu ya mpaka, na ziwa likagawanywa. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuchoma moto mji mkuu wa Mwata Kazembe. Ndipo yakafuata maduka ya makampuni na kodi ya kibanda, na mvuvi akalazimika kuitafuta fedha. Fedha hiyo ilipatikana katika samaki. Wafanyabiashara wa Kigiriki walioweka makao Kasenga, upande wa Kongo, walinunua samaki wa Mweru na Luapula wakawapeleka Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Mvuvi aliuza kwa bei asiyoipanga yeye, akanunua vitu kwa bei asiyoipanga yeye. Biashara hiyo ilitikiswa Julai 1960, Katanga ilipojitenga na vita vikazuka. Tangu hapo samaki wengi zaidi walielekezwa kwenye migodi ya shaba ya Zambia.

Mwezi Aprili 1968, pale Mulungushi, Rais Kenneth Kaunda alitangaza kuwa serikali itachukua asilimia 51 ya hisa katika makampuni 26. Miongoni mwake yalikuwamo makampuni makubwa ya maduka, na hapo ndipo lilipozaliwa shirika la umma la ZCBC. Shabaha ilikuwa njema: mwananchi wa mbali naye apate chumvi, sukari na blanketi kwa bei ya haki. Lakini bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, fedha za kigeni zikaadimika, rafu zikabaki tupu, na walanguzi wakapata neema. Bidhaa zilizofidiwa na serikali zilivushwa mpaka kwa magendo. Bidhaa hazina miguu, ndugu askari. Haziwezi kuvuka usiku bila mtu wa kuzibeba, na aghalabu bila mtu wa kufumba jicho.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1991 serikali mpya ilianza kuuza mashirika ya umma. Mwaka 1995 Shoprite ya Afrika Kusini iliingia nchini, na mwaka 1999 likafunguliwa jumba la maduka la Manda Hill mjini Lusaka. Lakini uhai wa Nchelenge haukutoka katika majumba ya namna hiyo. Ulitoka katika soko la Kashikishi na katika chisense, dagaa wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Kila mwaka, tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Mvuvi asipovua, mwenye duka naye hauzi.

Desemba 2000, mji wa Pweto nchini Kongo ulipoanguka vitani, maelfu ya raia na askari walikimbilia Zambia. Askari hao walinyang'anywa silaha. Kitendo hicho kilikuwa na maana kubwa kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa askari mwenye njaa na bunduki, asiye na kamanda wala posho, huligeuza soko la kwanza alionalo kuwa ghala lake.

Ndugu askari, katika ufuko huo wenye maduka wamebadilika mara nyingi: msafara, kampuni, Mgiriki, shirika la umma, na mama wa sokoni. Mteja amebaki yule yule. Kila mara mshika bunduki alipoishika na mizani, bei ilipanda, mtumbwi ukakwepa bandari, na soko likafa. Mama anayevuka na magunia mawili ya dagaa akitozwa "chai" katika kila kizuizi, anayelipa mwishoni ni mtoto wa mchimba migodi, na pengine ni mtoto wako mwenyewe. Mkamate mwenye magendo kwa sheria, mpishe mwenye haki kwa heshima. Mizani muachie mwenye duka, nawe mlindie mlango.