Malale katika Mpaka wa Busia

Msafiri atokaye Busia kwenda Malaba kwa barabara hupita Alupe, mahali palipo karibu sana na mpaka wa Uganda. Siku hizi vijana wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya chuo kikuu kilichoko hapo. Lakini kwa miaka mingi kabla ya chuo hicho kujengwa, Alupe ilijulikana kwa jambo la huzuni. Hapo ndipo palipokuwa na hospitali iliyopokea wagonjwa wa malale kutoka pande zote za Kenya. Wengine walifika kwa miguu yao, wengine walibebwa na jamaa zao, na wengine hawakujua wamefikishwa wapi, maana ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia ubongoni. Historia ya ugonjwa huu yafaa kusomwa, kwa kuwa yaonyesha jinsi elimu tatu, yaani tiba ya wanadamu, tiba ya wanyama na elimu ya ubongo, zilivyopapasa kila moja peke yake, na jinsi zilivyofanikiwa zilipoanza kusaidiana.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Malale huletwa na kimelea kiitwacho tripanosoma, ambacho hakionekani ila kwa hadubini. Kimelea hicho huchukuliwa na mbung'o, inzi anyonyaye damu ya watu na ya wanyama. Mtu akiisha kuambukizwa hushikwa na homa, akaumwa na kichwa na viungo, hata akadhani ni malaria. Baadaye vimelea hupenya na kuingia katika ubongo. Hapo mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Tabia yake hubadilika. Maneno yake hayana mpango. Zamani jamaa zake walidhani amerogwa au ameshikwa na wazimu. Asipotibiwa hufa, na katika aina ya malale iliyoko mashariki ya Afrika kifo huja kwa muda wa miezi michache tu. Ng'ombe nao wana ugonjwa wao uletwao na tripanosoma, uitwao nagana. Ng'ombe aliyeupata hukonda, hupungukiwa na damu, maziwa yake hukauka, na mwisho hufa.

Katika mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook, waliokuwa wakitibu watu katika hospitali ya Mengo huko Uganda, waliona wagonjwa wa namna ambayo hawakuizoea. Punde maradhi yakaenea Busoga na kando ya ziwa Victoria, pamoja na pwani za ziwa ambazo leo zimo katika Kenya. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache. Vijiji vilibaki mahame, na mashamba yakawa pori. Ni vema kukumbuka kwamba wakati huo mpaka tuujuao leo haukuwapo. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya Busia ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Serikali ya Kiingereza ilipohamisha jimbo hilo na kulitia katika nchi iliyoitwa baadaye Kenya, Wasamia na Wateso walijikuta wengine upande huu na wengine upande ule. Mstari ulichorwa katika ramani, lakini mbung'o hakupewa habari.

Wataalamu walitumwa kutoka Uingereza kuja Entebbe kutafuta asili ya msiba huo. Mmoja wao, Aldo Castellani, aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa mwishoni mwa mwaka 1902. Mwaka uliofuata alifika David Bruce, naye alitambua mara moja maana ya jambo hilo. Alitambuaje? Bruce alikuwa daktari wa jeshi, lakini miaka minane hivi kabla ya hapo alikuwa ametumwa Zululand, Afrika ya Kusini, kuchunguza vifo vya ng'ombe. Huko aligundua kwamba nagana huletwa na tripanosoma, na kwamba mchukuzi wake ni mbung'o. Basi alipofika Entebbe aliyatumia yale aliyojifunza kwa ng'ombe ili kuyafahamu maradhi ya watu. Hivyo tangu mwanzo kabisa njia ya kuufahamu ugonjwa wa wanadamu ilipita zizini.

La kusikitisha ni kwamba somo hilo halikushikwa vizuri. Serikali iliona dawa ni kuwahamisha watu kutoka kando ya ziwa kwa amri, na maelfu waliacha makao ya wazee wao. Daktari wa watu alichunguza watu, na daktari wa mifugo alichunguza mifugo, na kila mmoja aliandika katika daftari lake. Ilishukiwa kwamba wanyama waweza kuficha miilini mwao vimelea viwadhurucho watu, lakini ilikuwa vigumu kuthibitisha. Tripanosoma ya ng'ombe na ile ya malale ya mashariki zikitazamwa katika hadubini hazina tofauti hata kidogo.

Ushahidi ulipatikana katika nchi hizi hizi za magharibi ya Kenya. Katika mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake walitangaza kwamba walichukua damu ya pongo aliyepatikana Nyanza, na vimelea vyake vilipotiwa katika mwili wa mtu aliyejitolea, mtu yule alipata malale. Miaka michache baadaye, mwaka 1964, ugonjwa ulizuka Alego, kusini ya Busia. Mbung'o wa Alego hawakukaa porini mbali, bali katika vichaka vilivyozunguka nyumba, mahali ambapo watoto walicheza na ng'ombe walifungwa. Watafiti R. J. Onyango, K. van Hoeve na P. de Raadt walichunguza mifugo, na katika mwaka 1966 walionyesha kwamba ng'ombe wa nyumbani aweza kubeba malale ya watu huku yeye mwenyewe akionekana mzima. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa zizini. Siku hizi sheria za utafiti haziruhusu mtu kutiwa ugonjwa wa kufisha kwa ajili ya majaribio ya namna ile. Lakini hatuna budi kukumbuka kwamba sehemu ya elimu hii ilinunuliwa kwa hatari ya watu ambao majina yao hatuyasomi vitabuni.

Katika siku hizo kazi ya uchunguzi ilikuwa na makao yake Tororo, ng'ambo ya Malaba, katika shirika lililotumikia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ushirika huo nao ulivunjika. Kenya ikaanzisha taasisi yake ya uchunguzi wa tripanosoma huko Muguga, na Alupe ikawa kituo chake cha magharibi. Saa ya kutengana ilikuwa mbaya. Kuanzia mwaka 1976 malale yalikuwa yamezuka upya Busoga, wakati Uganda ilipokuwa katika taabu za utawala wa Idi Amin. Huduma za afya na za mifugo zilidhoofika, mashamba yakaota vichaka, na watu wakahama na wanyama wao. Katika miaka ya 1980 ugonjwa ulifika Tororo, na wagonjwa walionekana pia Busia na Teso upande wa Kenya.

Waliofikishwa Alupe na ubongo wao umekwisha kuingiwa na vimelea walikabiliwa na jaribu jingine, nalo ni dawa yenyewe. Dawa hiyo, melasoproli, iliyoanza kutumiwa mwaka 1949, ina aseniki, ambayo ni sumu. Ilipodungwa katika mshipa iliwaka kama moto, na katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, 5 hivi waliuawa na dawa. Madaktari waliitumia kwa sababu katika aina hii ya malale hawakuwa na nyingine iwezayo kufika ubongoni. Mgonjwa alichagua kati ya kifo cha hakika na dawa iliyoweza kumwua.

Mwishoni mwa karne ya ishirini fumbo la hadubini lilifumbuliwa. Damu ya mwanadamu ina protini iwezayo kuziua tripanosoma nyingi za wanyama. Ndiyo sababu watu hawapati nagana. Katika mwaka 1998 wataalamu wa Ubelgiji walieleza kwamba tripanosoma ya malale ya mashariki ina jeni moja inayoikinga na silaha hiyo ya damu. Kwa kuitafuta jeni hiyo, iliwezekana kumpima ng'ombe na kujua kama vimelea vyake ni hatari kwa watu, bila kumdhuru mtu yeyote.

Elimu hiyo ilikuja kwa wakati wake. Mwishoni mwa mwaka 1998 malale yalizuka Soroti, mahali ambapo hayakujulikana hapo awali. Watafiti walifuata nyayo za ugonjwa, nazo zikawapeleka katika mnada wa ng'ombe. Watu wa Soroti walikuwa wamepoteza mifugo yao katika miaka ya vita na wizi, nao walinunua mingine kutoka kusini mashariki, penye malale. Wagonjwa wa kwanza walikuwa wale waliokaa karibu na mnada. Basi ilidhihirika kwamba si mbung'o pekee aliyeuhamisha ugonjwa. Ulitembea kwa miguu minne, ukilipiwa ushuru sokoni. Katika mwaka 2006 ilianzishwa kampeni nchini Uganda ya kuwadunga ng'ombe dawa ya kuua vimelea na kuwapaka dawa ya wadudu. Wanafunzi wa tiba ya mifugo wa Makerere walikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Ilikwisha kugunduliwa kwamba mbung'o hupenda kuuma miguuni na tumboni. Hivyo ilitosha kupaka sehemu hizo tu, na mfugaji maskini aliweza kulipa. Kumtibu ng'ombe kukawa njia ya kumkinga mtoto wa mwenye ng'ombe.

Wataalamu wa ubongo nao waliendelea. Katika mwaka 2018 uchunguzi uliofanywa kwa panya ulionyesha kwamba tripanosoma huvuruga saa ya mwili, yaani ule mpango wa ndani unaoamuru wakati wa kulala, wa kuamka, na kupanda na kushuka kwa joto la mwili. Hiyo ndiyo maana mgonjwa hukesha usiku na kusinzia mchana. Usingizi wake haukuzidi sana, bali ulipoteza majira yake. Tena zilipatikana dawa za kumeza. Feksinidazoli ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda na Malawi wenye malale ya mashariki, na katika mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mwongozo wake wa kutibu aina hiyo. Vidonge vikachukua mahali pa aseniki.

Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa Kenya na kutibiwa humo alionekana mwaka 2009, na wasafiri wawili walioambukizwa Masai Mara walitambuliwa mwaka 2012. Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma katika Kenya. Lakini maneno hayo yasomwe kwa makini. Hayasemi kwamba tripanosoma imekwisha. Mbung'o wangaliko, nagana ingaliko, na ng'ombe wangali wakinunuliwa na kuuzwa pande zote mbili za mpaka.

Busia yenyewe imetoa ushahidi mwingine wa jambo hili. Kati ya mwaka 2010 na 2012 watafiti walizuru maboma 416 katika nchi hii na kupima watu zaidi ya 2,000 pamoja na mifugo yao, wakitafuta maradhi yanayoshirikiwa. Mojawapo ni minyoo ya tegu itokayo kwa nguruwe. Mayai ya minyoo hiyo yakiingia tumboni mwa mtu kwa njia ya uchafu, vijidudu vyake vyaweza kukaa ubongoni na kuleta kifafa. Nguruwe kadhaa walifungwa vyombo vya kupimia mwendo, ikaonekana kwamba kwa wastani kila mmoja hutembea mita 4,340 katika saa 12, na karibu nusu ya wakati wake huwa nje ya boma la mwenyewe. Kwa hiyo kifafa cha mtoto wa jirani chaweza kuhusiana na choo kisichochimbwa na nguruwe asiyefungwa katika boma la mwingine.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari wa Alupe aliweza kumtibu mgonjwa mmoja mmoja, lakini hakuweza kuuzuia ugonjwa bila msaada wa daktari wa mifugo. Wala hao wawili hawakuweza kufahamu usingizi ule wa ajabu bila mtaalamu wa ubongo. Wote watatu walimhitaji mfugaji akubaliye kumleta ng'ombe wake apimwe, hata kama aonekana mzima. Kazi hiyo haijaisha. Kila siku ya mnada wanyama huja kutoka mbali, na afisa wa mifugo atazamaye vyeti vyao huwalinda watu ambao hatawaona kamwe hospitalini.